Kioo Namba Nne

Kioo kilikuwa kizima, na hilo ndilo lililomkosesha raha Inspekta.

Alikuwa amechuchumaa kwenye kifusi tangu saa moja asubuhi, suruali imegeuka nyeupe kwa vumbi la chokaa. Mbele yake palikuwa na jiwe la ukutani, zito la kubebwa kwa mikono miwili, na juu ya jiwe hilo kimebandikwa kipande cha kioo chenye urefu wa kiganja na upana wa vidole viwili. Upande mzima wa ukuta ulikuwa umeporomoka. Mabenchi matatu ya mbao ngumu yalikuwa vibanzi. Mtu alikuwa amekufa. Kioo hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Koplo, hebu njoo huku."

Koplo aliacha tepu ya kupimia akaja akiruka mawe. Alikuwa binti mwenye miaka mitatu kazini, mwandiko mzuri na mdomo mwepesi.

"Hicho ni kioo, afande."

"Nashukuru. Na nini kingine?"

Koplo aliinama. "Hakijavunjika."

"Sasa umeanza kazi."

Kanisa lile lilikuwa na miaka mia moja na ushei, la mawe na chokaa tupu, na kwa kuwa lilikuwa kwenye orodha ya majengo ya kale, hakuna aliyeruhusiwa kupigilia hata msumari bila kibali. Lakini watu walikuwa wameshalizidi. Kliniki ya watoto ilifanyika barazani, mikutano ya mtaa ilifanyika kwenye mabenchi ya ibada, na wafiwa walikaa nje mvua ikiwanyeshea. Ndipo ikaamuliwa ujengwe ukumbi wa jamii ubavuni mwa kanisa, upande wa kaskazini, na kwenye ukuta wa zamani utobolewe mlango mmoja tu wa kuunganisha. Ukumbi ulikuwa umeshafika kimo cha madirisha. Mlango ndio ulioleta msiba.

Jumatano saa nne asubuhi, ukuta wa juu ya mlango ulimshukia mwashi wa miaka ishirini na minane. Wenzake walimwita Mbayuwayu kwa jinsi alivyopenda kukaa juu ya majukwaa, hata chai yake alitaka apandishiwe. Alikuwa kitindamimba wa mwanamke anayetunza kanisa hilohilo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Funguo. Leo ilikuwa Ijumaa. Kesho walikuwa wanazika.

Msimamizi wa mafundi, mwashi wa miaka sitini na moja aliyeitwa Timazi, kama ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hakuwa na subira na kitu chochote kilichopinda, alikuwa mahabusu. Mwendesha mashtaka alitaka jalada saa nane mchana. Saa tisa Timazi angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na baada ya hapo lisingekuwa tena jambo la Inspekta. Tangu Jumatano mzee hakuwa amefungua kinywa.

Mhandisi wa mradi alifika saa mbili, kofia ngumu kaibana kwapani, macho mekundu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kusema, ila asubuhi hiyo maneno yalimtoka kwa kusukumwa.

"Nieleze hivi vioo taratibu," alisema Inspekta. "Chukulia sijui kitu."

"Ukuta ulikuwa na ufa wa zamani. Kabla hatujatoboa nilitaka kujua kama ufa umetulia. Unachukua kioo chembamba, unakilaza kukatisha ufa, unakishika kwa plasta ncha hii na ncha ile. Plasta ikikauka, kioo na ukuta vimekuwa kitu kimoja. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kioo kinakatika."

"Halafu?"

"Halafu kila mtu anatoka. Kazi inasimama mpaka nije mimi. Ni sharti la kibali. Niliweka vitano, nikachora namba na tarehe kwenye plasta kwa msumari. Timazi alikuwa anavikagua kila asubuhi na kuandika."

Inspekta alilifungua daftari lililokuwa ndani ya mfuko wa vielelezo. Jumatatu: vitano vizima. Jumanne: vitano vizima. Jumatano, saa moja na nusu: vitano vizima. Muda wa saa mbili na nusu baada ya hapo, Mbayuwayu alikuwa chini ya mawe.

"Basi aliandika bila kuangalia," alisema Mhandisi. "Au aliangalia, akaona kimevunjika, akaweka kingine ili kazi isilale. Namba nne peke yake ndiyo ilikuwa karibu na mlango, vingine vilikuwa mbali. Hakuna namna kile kioo kingebaki kizima, afande. Hakuna."

"Na hiki hapa je?"

Mhandisi alipiga magoti. Alikigusa kioo kwa ncha ya kidole, akakiangalia kwa ubavu, na uso wake ukabadilika.

"Hiki si changu. Vyangu vilikuwa vyembamba, vya fremu za picha. Hiki ni kinene. Halafu kina mapovu ndani, ona. Vioo vya siku hizi havina mapovu." Alibonyeza ile nyeupe iliyoshikilia ncha ya kioo, na ukucha ukazama. "Na hii si plasta. Ni puti."

"Puti ya madirisha?" aliuliza Koplo.

"Hiyohiyo ya kushikilia vioo vya madirisha. Inakaa wiki kadhaa kabla haijakauka vizuri. Ukuta ukisogea, inavutika tu nao."

Inspekta alianza kupekua mawe ya jirani, moja baada ya jingine, akiyageuza na kuyarudisha yalipokuwa, mpaka akapata alilokuwa analitafuta. Kwenye jiwe la upande wa pili wa ufa kulikuwa na puti iliyoburutwa, alama yenye upana wa kidole gumba.

"Huku ndiko ncha ya pili ilikoshikwa. Ukuta ulitembea, kioo kikateleza nao bila kukatika. Alama hii ya kidole gumba si ya dakika moja, Mhandisi, au nakosea?"

"Hukosei," alisema Mhandisi, akakaa kwenye vumbi bila kujali nguo zake. "Ni ya siku kadhaa. Siku zote hizo ukuta ulikuwa unatembea, nasi tunagonga nyundo."

Koplo alikuwa bado ameinamia kioo. Kwenye ile puti mtu alikuwa amechora kwa kitu chenye ncha namba 4, na chini yake tarehe, ya ishirini na nne ya mwezi uliopita.

"Hiyo ndiyo tarehe niliyoviweka," alisema Mhandisi. "Amenakili tarehe yangu."

"Mtu anayenakili mpaka tarehe huyo ana lake jambo, afande," alisema Koplo. "Huyo alitaka kudanganya."

Ndivyo ilivyoonekana, na Inspekta aliandika hivyo kwenye kijitabu chake, akaweka alama ya kuuliza mbele. Akampa Mhandisi kalamu amwandikie nne tatu. Nne za Mhandisi zilikuwa wazi juu. Za Timazi daftarini nazo zilikuwa wazi juu, na zimelala. Nne ya kwenye puti ilikuwa imefungwa juu na ina kijimguu chini, ya mtu aliyefundishwa kuandika zamani, kwa ubao na kiboko.

"Umenipima na mimi," alisema Mhandisi.

"Nimepima hata mlango wako. Mchoro unasema mita mbili na robo, na Koplo amepata mita mbili na robo. Ungekuwa umezidisha, ungekuwa na kitu cha kuficha. Mnayo puti hapa kazini?"

"Ya nini? Madirisha ya ukumbi bado hayajaletwa."

"Na habari ya vioo waliambiwa kina nani?"

"Wote. Nilifanya kikao kanisani, nikaeleza, kila mtu akasaini."

Orodha ilikuwa na majina kumi na mawili, kumi na moja ya mafundi na vibarua, na chini kabisa Mchungaji kama mwenye nyumba. Inspekta aliisoma mara mbili, akaikunja akaitia mfukoni.

Walipokuwa wanatoka kupitia ukumbi usio na paa, aliona mstari wa penseli ukutani, karibu na mahali pa sinki, na pembeni maneno: *Bomba la mama. Kimo chake, nimempima.*

"Mbayuwayu huyo," alisema Mhandisi. "Mchoro uliweka bomba chini. Alinisumbua wiki nzima. Mama yake anachota maji nje kwa ndoo, na mgongo wake hauko sawa. Alitaka bomba lipande ili asiwe anainama." Alijifuta pua kwa mkono wenye vumbi. "Nilikuwa nimeshamkubalia."

Ndani ya gari Koplo alimsomea maelezo ya kibarua mmoja. Timazi alichimba kifusi kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Mwili ulipoondolewa, alirudi, akageuza jiwe moja lenye kioo, akalifuta kwa mkono wa shati, akalitazama sana. Kisha akalirudisha chini polepole, akakaa, na tangu hapo hajasema neno.

"Alikiona cha kwake, akajua amekwisha," alisema Koplo.

"Au alikiona cha mtu mwingine," alisema Inspekta.

Timazi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa nne na nusu, vidole vimefungwa bandeji. Jiwe lilikuwa mezani ndani ya katoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku mbili. Hakuweza kuiacha salamu ikining'inia.

Inspekta aliifungua katoni. Timazi alichungulia, akageuza uso.

"Andika nimekiweka mimi," alisema.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Ulikikata na nini?"

Mzee alifikiri. "Na msumeno."

Koplo aliinama kwenye karatasi zake ili asionekane uso.

"Miaka arobaini kwenye ujenzi, mzee wangu, unakata kioo kwa msumeno?"

"Basi na mwiko. Andika upendavyo."

"Sikukutajia siku, na umeniambia Jumamosi. Umejuaje?"

Timazi alizitazama bandeji zake. Inspekta alingoja. Alikuwa hodari wa kungoja, mkewe alikuwa akimwambia ndicho kipaji pekee alichonacho.

"Ijumaa jioni kilikuwa cha Mhandisi," alisema Timazi hatimaye. "Nilikigusa mwenyewe. Jumatatu nilipiga tochi, nikaona hakijavunjika, nikaandika hakijavunjika. Mimi nilikuwa natafuta ufa. Sikutazama unene. Macho haya, afande, na ile pembe ina giza..."

"Kwa hiyo kilibadilishwa Jumamosi au Jumapili, na siku hizo mafundi hawaji."

"Nilikuja mimi."

"Ufunguo ulikuwa nao nani?"

Timazi aliifunika ile katoni. Machozi yalianza kumtoka, na hakuyafuta, kwa sababu ya bandeji au kwa sababu alikuwa ameshayazoea.

"Yule kijana nilimfundisha mimi kushika mwiko," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia asimame pale. Hilo ni langu hata bila kioo. Andika jina langu, tumalizane."

"Unamficha nani, mzee?"

"Kesho kuna mazishi. Ngoja yapite."

"Saa tisa utakuwa mbele ya hakimu. Rumande si mahali pa mtu wa umri wako."

"Nitakaa. Mimi sina anayeningoja kwa chakula." Alisimama mwenyewe, akamtazama askari wa zamu ili arudishwe. "Ngoja yapite, mwanangu. Nakuomba."

Inspekta alibaki amekaa akilitazama jiwe. Alitamani sana kungoja. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano kasoro.

Nusu moja ya kanisa ilikuwa kifusi. Nusu ya pili ilikuwa imefagiliwa, imepigwa deki, mabenchi yamenyooshwa kwenye mstari. Mchungaji alikuwa kwenye benchi la mwisho, mikono magotini, mzee mnene aliyeonekana kupungua tangu Jumatano.

"Nani amefagia?" aliuliza Inspekta.

"Mama Funguo. Jana asubuhi. Tulimkataza, akasema Jumamosi watu wanakuja kumzika mwanawe, hawezi kuwakaribisha kwenye uchafu."

Inspekta alitembea mpaka mbele. Kando ya mimbari kulikuwa na ubao mweusi wenye namba za nyimbo za Jumapili iliyopita, zimeandikwa kwa chaki: 144, 41, 204. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko mtu anayesoma namba tatu. Kila nne ilikuwa imefungwa juu, ina kijimguu chini.

Koplo alikuja akasimama kando yake, akaangalia ubao, kisha akatoa simu yake yenye picha ya kioo, akaangalia tena ubao. Hakufanya mzaha.

"Mchungaji, nani huandika namba hizi?"

"Mama Funguo. Kabla yake alikuwa marehemu mumewe, aliyekuwa mtunzaji hapa. Yule bwana alikuwa na sheria moja tu: kikivunjika kitu kanisani, kitengenezwe kabla ya Jumapili. Mama ameishika sheria hiyo mpaka leo. Kioo cha dirisha kikipasuka katikati ya wiki, Jumamosi anakitoa na kuweka kingine. Sisi tunakuja Jumapili hata hatujui kilipasuka."

"Anamwita fundi?"

"Fundi wa nini? Anakata mwenyewe. Mumewe alimfundisha. Ana mkono mwepesi kuliko mafundi wa mjini." Mchungaji alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayemsifu dada yake.

Inspekta aliitoa ile orodha mfukoni. "Siku ya kikao cha vioo, Mama Funguo alikuwepo?"

"Alikuwepo, ndiyo. Yaani, alikuwa hapa. Nilimtuma akalete viti, vilikuwa havitoshi."

"Na alipovileta?"

"Tulikuwa tumeshamaliza."

"Baadaye nani alimweleza vioo vile ni vya nini?"

Mchungaji alimtazama Koplo, halafu ubao, halafu lile pengo la ukuta lililokuwa linaingiza jua mahali ambapo jua halijawahi kufika.

"Mungu wangu," alisema.

Koplo alikwenda stoo ya nyuma ya madhabahu. Alirudi na sanduku la mbao alilolibeba kwa uangalifu. Ndani yake kulikuwa na kopo la puti lililofunikwa kwa kitambaa kibichi lisikauke, kikata-kioo chenye gurudumu dogo, na vipande vya vioo vya zamani vyenye mapovu, kimoja kimekatwa ukingoni ukanda wa vidole viwili. Chini kabisa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Koplo aliifungua. Vipande viwili vya kioo chembamba vililingana pale katikati vilipokatika, na juu ya karatasi palikuwa pameandikwa: *Cha Mhandisi, namba 4. Nimwombe radhi.*

Inspekta na Koplo walikaa kwenye benchi la mbele.

"Afande," alisema Koplo, sauti chini. "Tunaweza kuandika kwamba aliyekibadilisha hakufahamika."

"Na Timazi?"

"Ana wakili atampigania."

"Baada ya miezi mingapi?"

Koplo alilifunga sanduku. Saa yake ilikuwa inasema saa sita na robo.

Mama Funguo alikaa kwenye chumba kimoja na jiko dogo nyuma ya kanisa. Wanawake walikuwa wamejaa uani kwenye mikeka, na walipowaona polisi walisogeza miguu wawapishe. Yeye alikuwa ndani, amesimama mezani, anapiga pasi shati jeupe la kiume. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mgongo umeanza kupinda, rundo la funguo kiunoni. Inspekta alimwamkia, na Koplo naye.

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Nisameheni, hii kola ndiyo inanisumbua, alikuwa na shingo nene huyu." Alinyunyiza maji kwenye kola. "Timazi amekula?"

"Hataki, mama."

"Mwambie mimi nimesema ale. Simlaumu. Watu wanasema maneno hapo nje, lakini yule ndiye aliyemfundisha mwanangu kazi. Ningejua la kusema la kumtoa huko ndani, ningelisema hata sasa hivi."

Koplo aliinua kalamu.

"Mama, Jumamosi iliyopita ulifanya usafi kanisani?" aliuliza Inspekta.

"Kila Jumamosi, mwanangu."

"Na ule ukuta wa kaskazini, penye ufa?"

"Aa! Kile kioo!" Aliweka pasi pembeni, akajifunika mdomo kwa aibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano pengine alikaribia kutabasamu. "Basi mmenipata. Nilikivunja mimi. Nilikuwa napitisha kitambaa cha vumbi, nikakikuta kimekatika katikati. Mkono wangu umekuwa mzito siku hizi. Nikasema, leo nimeharibu kifaa cha wenyewe. Nikakata kingine, nikakibandika kwa puti, nikaandika namba na tarehe vilevile, maana yule Mhandisi namwona ni mtu wa utaratibu. Vipande vyake ninavyo stoo. Jumatatu nilitaka kumwambia, nikaona haya mbele ya vijana."

Alimtazama Inspekta, na uso wake ukachangamka kwa wazo.

"Kwani Timazi ameshikwa kwa ajili ya kile kioo? Wanasema amekivunja yeye? Basi mpelekeeni hakimu maneno yangu. Ni mimi."

"Ulipopitisha kitambaa, mama, ulisikia sauti ya kuvunjika?"

Alifikiri. "Sikusikia. Niliona tu mstari, umesimama wima. Vioo vyembamba havipigi kelele." Aliichukua pasi tena, akaipitisha kwenye kola mara moja, akasita. "Hivi vilikuwa vya nini, vile vioo?"

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alikuwa ameshawadanganya watu wengi katika kazi yake, wezi na wake za wezi na mara moja hata diwani, na uongo ulikuwa tayari mdomoni: vya kupimia joto, mama, vya kupendezesha. Lakini jina la mama lingeandikwa kwenye jalada, na jalada lingesomwa mahakamani na mtu asiyemjua, mbele ya mtaa mzima.

Alivuta kiti, akakaa, ili macho yake yawe chini ya macho ya mama.

"Vilikuwa vya kutazama ukuta, mama. Ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Kikikatika, wanajua, wanatoka nje."

Uani mtu alikohoa. Mama Funguo aliisimamisha pasi wima mezani, akachomoa waya ukutani, kama anavyofanya mtu mwangalifu.

"Kwa hiyo sikukivunja mimi," alisema.

"Hapana, mama. Ukuta ndio uliokivunja."

"Kilivunjika kikiwaambia watoke."

"Ndiyo."

"Na changu?" Alikuwa anaongea na shati. "Changu nacho kilivunjika?"

"Hapana."

"Hata siku ile?"

"Kimekutwa kizima, mama. Kiko kizima mpaka sasa."

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu anayekubali hesabu aliyoikagua mwenyewe.

"Marehemu mume wangu angenisifu," alisema.

Kisha akaanza kuanguka. Koplo alimdaka kabla hajafika chini, wakakaa sakafuni wote wawili, na sauti iliyomtoka mama huyo iliwainua wanawake wote uani. Inspekta alisimama mlangoni akawazuia wasiingie, mikono imetanda, na yeye mwenyewe alikuwa analia mbele yao bila kujificha.

Ilipofika saa saba na robo, Mama Funguo aliomba maji. Maji ya ndani yalikuwa yameisha, akatoka mwenyewe mpaka kwenye ndoo iliyokuwa chini ya bomba la uani. Aliinama, mkono mmoja kiunoni, akanawa uso. Inspekta alimtazama anavyoinama akaukumbuka mstari wa penseli kwenye ukuta wa ukumbi.

"Andikeni," alisema aliporudi. "Saa tisa haiko mbali, na yule mzee hajala."

Alieleza yote tangu mwanzo, bila kupunguza. Koplo aliandika. Inspekta alimsomea, akamwonyesha pa kusaini. Alisaini kwa herufi za kuunganisha, na kwenye tarehe, kumi na nne, akaichora ile nne yake, imefungwa juu, na kijimguu chini. Katika jalada, kwenye chanzo cha ajali, Inspekta aliandika kwa mkono wake kwamba mtunzaji wa kanisa hakuhudhuria kikao kwa kuwa alitumwa viti, na kwamba kati ya watu kumi na wawili waliosaini hakuna hata mmoja aliyemweleza. Aliyataja majina ya Mhandisi na Mchungaji. Kisha akampa Koplo funguo za gari.

"Kimbia. Timazi asifike mahakamani. Na umpitishe mahali ale."

"Nimwambie nini, afande?"

"Mwambie hatukungoja. Mwambie ni mimi niliyekataa kungoja."

Gari lilipoondoka, Mama Funguo alikuwa amesimama tena mezani. Alifungua kamba kiunoni, akalitoa rundo la funguo, wa mlango mkubwa, wa stoo, wa mnara, na ule mpya unaong'aa wa ukumbi ambao bado haukuwa na mlango. Aliziweka juu ya nakala ya maelezo yake, akazisukuma mpaka mbele ya Inspekta.

"Mpelekee Mchungaji," alisema. "Amtafute mtu ambaye watamweleza mambo."

Inspekta alizichukua. Zilikuwa na joto la mwili wake bado.

Mama Funguo aligusa pasi kwa ncha ya kidole chenye mate. Ilikuwa imeshapoa. Aliuchomeka tena waya ukutani, akalinyoosha shati la mwanawe kwa kiganja, akangoja ipate moto.